Mozarela Iliyokataa Kuvutika

Ngoja nikutegee, na ukishindwa unipe mji wenye wapishi wazuri: kaingia sufuriani peke yake, katoka wawili, mmoja kakaa sahanini, mwenzake katiririkia ndooni. Nani huyo? Usikune kichwa bure. Ni maziwa, yakigandishwa yakawa donge na maji yake.

Basi maziwa hayo ndiyo yaliyomnyima raha mama mkwe wa Kidoti, asubuhi moja ndani ya jiko la Fundi. Huyo Fundi ni mwanamke aliyetengeneza jibini laini za Kitaliano, akaziuza siku ileile zikiwa bado na unyevu wake. Mama mkwe ndiye aliyemwombea Kidoti kazi pale, na Jumamosi alikuja mwenyewe, eti kusaidia kuosha vyombo. Kusaidia gani! Alikuja kuona mke wa mwanawe anavyofundishwa.

Sheria ya Fundi ilikuwa moja: maziwa ya mozarela, ile jibini ya kuvutwa, yapashwe yawe vuguvugu, basi. Lakini mikono ya mama ilikuwa na miaka arobaini ya kuchemsha maziwa. Kidoti alipotoka uani kuanika vitambaa vya kuchujia, mama akaiona sufuria juu ya moto wa kinyonge. "Watoto hawa watatuua kwa matumbo," akajisemea, akaongeza moto. Maziwa yakapanda, akayapuliza, yakatokota vizuri kabisa.

Ndipo akakumbuka.

Akaitumbukiza sufuria kwenye karai la maji baridi, akakoroga mpaka bega likamuuma, akairudisha palepale kama paka aliyejifuta mdomo. Kidoti akaingia, akachovya kipimajoto, akaona sawa, akatia kigandishi.

Fundi alipolichovya lile donge kwenye maji ya moto ili alivute, likameguka vidoleni.

"Hii ni mozarela au uji uliosusa?"

Akayabandika motoni yale maji ya jibini, maana humo ndimo hutoka rikota, jibini ya pili. Akangoja mapande meupe yaelee juu. Hakikuelea kitu. Akaweka mwiko chini.

"Maziwa haya yalichemshwa. Rikota yangu yote imenasa kwenye hilo donge bovu. Nani kayachemsha?"

Akamgeukia Kidoti.

"Bibie, si wewe uliyekuwa zamu?"

"Nilikuwa zamu, Fundi," Kidoti akajibu.

"Sikukuuliza zamu. Nimeuliza nani kachemsha."

Kidoti akauchukua ule mwiko, akaanza kuufuta.

"Haya, vua aproni. Asiyeambilika simfundishi mimi."

Nitasema, mama akawaza, ila si mbele ya binti huyu niliyemwimbia kila siku kwamba hajui jiko. Nitamwambia Fundi kesho, tukiwa wawili. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Msamehe, Fundi. Bado mtoto huyu."

Kumwombea mtu msamaha wa kosa lako wewe! Akainamia sinki, akashika sufuria aanze kuusugua ule utando wa maziwa yaliyotokota, uliokauka ukingoni.

"Niachie, mama, mgongo utakuuma." Kidoti akaichukua, akausugua ule utando haraka haraka, kamgeuzia Fundi mgongo asiuone. Kisha akalowesha ncha ya kitambaa, akamfuta mama mkwe mkono wa gauni. Palikuwa na alama nyeupe ya povu la maziwa, kuanzia kifundoni hadi kwenye kiwiko.

"Ulijimwagia," akanong'ona. "Alama niliiona tangu niingie, maana yake nimeijua sasa hivi."

Akaikunja aproni, akaiweka mezani, akatafuta viatu vyake.

Mama alitamani sakafu ipasuke. Kama binti angemtukana, angejua la kumjibu. Lakini kufutwa mkono kama mtoto mchanga?

"Fundi," akaita. Sauti ilitoka nyembamba, si ile ya kuamrishia nyumba. "Kuna swali uliuliza, halikujibiwa."

"Lipi tena, mama?"

Mama akaichukua aproni pale mezani, akamrudishia mkwewe mikononi.

"La nani kayachemsha. Ni mimi."