Wazee Sitini na Tatu Katika Buibui Moja

Jumatatu asubuhi, chai yake haijapoa, Nusaiba alifungua kompyuta katika ofisi yao ya Gombani akakuta malalamiko elfu moja mia nne na kumi na mawili. Ilikuwa mwaka uliofuata uchaguzi wa marudio. Kazi yake ni kupokea kila hitilafu ya mfumo wa kadi za matibabu za wazee, aipe namba, aipeleke kwa mafundi. Mafundi wenyewe wawili, na mmoja yuko harusini.

Sasa, wazee wa kijiji cha Wingwi, ni nani kati yao anayeijua tarehe aliyozaliwa? Karani aliwaandikia wote mosi Januari, kama watu wanavyoandikiwa siku zote, mfumo ukawakataa kwa tarehe zao kufanana. Bila kadi hakuna dawa. Wakalalamika wote sitini na tatu, tena mara tatu tatu, maana mzee hachoki kusema. Bi Bimkubwa, mamaake Nusaiba, mgonjwa wa sukari, alikuwamo.

"Yaunganishe, bibiye, yote jambo moja," alisema mkuu wake, Bwana Badar. "Hivi tutasoma mangapi?"

Nusaiba akayachagua yote ya Wingwi, akabonyeza. Yakawa lalamiko moja, naye akanywa chai yake.

Kesho yake akaingia bibi mmoja kavaa buibui, na juu ya mtandio kavaa kofia ya viua, ile ya wanaume. Alisalimia kwa sauti ya kike, akakohoa ya kiume. Akasema wao ndio wale wa Wingwi, wote sitini na tatu. Nusaiba akawavutia kiti. Kimoja kiliwatosha.

"Mama yumo?"

"Yumo, mwanangu. Twenda kwa zamu. Yake Alhamisi, baada ya alasiri."

Roho ikamuuma Nusaiba, mama ni mama. Akaenda kuomba malalamiko yatenganishwe. Bwana Badar akamwonyesha ripoti iliyokwisha kwenda Unguja: mrundikano umepungua, ofisi imepongezwa. Na mafundi nao wameshaliweka lile moja chini kabisa ya foleni, kwa kuwa linamgusa mtu mmoja.

Alhamisi alikwenda Wingwi na vidonge alivyonunua mwenyewe. Bibi yule wa buibui alikuwa kakaa barazani, na alipomaliza kusali alasiri akamtazama kwa macho ya mamaake.

"Mbona umekonda hivyo?"

Nusaiba akalia, akampa vidonge. Mama akavishika, akavirudisha.

"Wenye sukari tumo kumi na mmoja humu. Wenzangu hawana mtoto ofisini."

Basi Nusaiba akatoa simu, akaandika lalamiko upya, herufi kwa herufi, akalituma. Mfumo ukajibu palepale: lalamiko hili lipo, limeunganishwa.

"Wasemaje?" mama akauliza.

"Wasema lipo tayari, mama."

"Alhamdulillahi. Basi wanajua."

Zamu yake ikaisha. Iliyofuata ilikuwa ya Mzee Jecha, naye akaomba maji ya kunywa.