Mnyororo Juu ya Ngazi za Soko

Mnyororo ulifungwa Jumatatu, na kufikia Jumatano Mbah Warsiyem alikuwa ameshautukana kwa matusi yote aliyoyajua.

Ulifungwa juu kabisa ya zile ngazi arobaini na moja zinazoteremka kutoka mtaani hadi sokoni. Wenye magoti mazima waliinua mguu wakapita. Waliowekewa hasa ni wenye miaka sabini na kuendelea, na kibao kilichoning'inia katikati kilisema hivyo bila kificho: Wazee wetu wapendwa, pumzikeni nyumbani, sisi tutawahudumia.

Maneno matamu, mpaka unaona haya kuyakasirikia. Mbah Warsiyem, Mbah kama Wajava wanavyomwita bibi au babu, hakuona haya. Alikuwa na miaka sabini na minne, na arobaini kati ya hiyo ameshuka ngazi zile kila alfajiri, kikapu cha tempe ya kuuza, yaani soya iliyochachushwa, kimefungwa mgongoni kwa shuka. Biashara alishaiacha, sokoni hakuacha. Alikwenda kuchagua pilipili zake, akakaa na wenzake wa zamani, akasikia nani kafa na nani kaposwa. Mwezi wa pili, siku ya mvua, aliteleza akavunjika kifundo cha mkono. Mkono ulipona upesi, lakini mtaa ndio uliogoma kupona.

Pak Hardono, mwenyekiti wa mtaa, hakuwa mtu mbaya. Alisikia kwamba miji midogo inatakiwa iwe mahali pazuri pa kuzeekea, akakusanya watu kumi na wawili wa kujitolea, akawavalisha fulana za kijani, akaitisha mkutano. Wazee walikalishwa mbele wakapewa chai yenye sukari nyingi. Akawaeleza kwamba kila asubuhi mtu atawapitia nyumbani, ataulizia mahitaji, atakwenda sokoni na kuwaletea. Ngazi watafungiwa, kwa usalama wao. Je, wazee wanakubali?

Wazee wote wakainamisha vichwa wakasema ndiyo.

Sasa, ndiyo ya namna hiyo kwa Wajava si ya kukubali. Mkubwa akikuuliza mbele za watu unaitikia ili asiaibike, halafu unarudi kwako na shauri lako moyoni. Pak Hardono alilijua hilo tangu anabebwa mgongoni, ila siku hiyo alikuwa na haraka ya kufanya wema, akaichukua ile ndiyo kama ilivyosikika. Mbah Warsiyem naye aliitikia pamoja na wenzake. Hilo ndilo lililomchoma kuliko mnyororo wenyewe, kwamba kinywa chake mwenyewe kimemfungia ndani.

Ratri, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyepangiwa kumhudumia. Alikuja na tabasamu, akaleta mboga safi, hakukosea hata kitu kimoja. Lakini ilipofika Ijumaa Mbah Warsiyem alihesabu watu aliozungumza nao wiki nzima, akapata Ratri na paka. Akajiona anakufa polepole huku anashukuru. Akatoka akaenda kwa jirani yake Mbah Paimin, fundi mwashi mstaafu wa miaka sabini na tisa, akamkuta anaangalia ukuta.

"Tunafugwa kama kuku, Paimin."

"Afadhali kuku, wana jogoo."

Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mbah Warsiyem akamwambia kwamba ngazi zile hazijawahi kuwa na ubaya wowote, zilikosa tu chuma cha kushikia. Paimin akajibu kwamba alilisema hilo siku zilipojengwa, akaambiwa baadaye. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mabomba ya chuma ya kibanda kilichobomoka. Na Jumapili ulikuwa msaragambo, siku ya mtaa mzima kufanya kazi kwa pamoja.

Katika msaragambo wa mtaa ule mwenye miaka sabini amesamehewa. Analeta sahani ya tempe ya kukaanga, anakaa kivulini, anasifia kazi. Lakini kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyewahi kuliandika: mtu hawezi kukaa mikono mitupu huku aliyemzidi umri ameshika jembe. Ukimkuta mzee ameinua jiwe, jiwe hilo ni lako. Ukilikwepa utasemwa mpaka siku unamuoza mwanao. Mbah Warsiyem hakulala vizuri kwa furaha ya alichokifikiria.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi watu walitoka na mafagio kuzibua mitaro. Wakawakuta wazee saba kwenye ngazi. Paimin amepiga magoti anachimba tundu kwa tindo na nyundo. Mbah Warsiyem amepandisha sketi, anachanganya saruji.

"Mbah, acha, tutafanya sisi," jirani mmoja akasema.

"Basi fanya."

Akampa jembe, yeye akachukua ndoo. Aliponyang'anywa ndoo akainua jiwe. Aliponyang'anywa jiwe akashika bomba. Kila walichompokonya aliokota kingine, na wale sita wenzake wakafanya vivyo hivyo, mpaka mitaro ikasahauliwa na mtaa mzima ukawa kwenye ngazi, fulana za kijani zikiwemo. Ratri alikuwa na saruji hadi kwenye nywele.

Pak Hardono alifika amevaa shati lililopigwa pasi. Akaangalia. Akasema kwa upole kwamba kazi hii haimo kwenye mpango, na kwamba mkutano ulishaamua.

"Nyote mlisema ndiyo, Mbah."

Mbah Warsiyem alikuwa hajawahi kumpinga kiongozi mbele za watu maisha yake yote. Aliogopa kweli, asikwambie mtu. Lakini alishachoka kuwa na adabu.

"Tulikuheshimu, mwanangu. Kukubali hatukukubali."

"Nawaogopea mimi. Ukianguka tena, wanao nitawaambia nini?"

"Waambie mama yao alikuwa anakwenda sokoni."

Pak Hardono akabaki amesimama, na pengine angesimama hadi adhuhuri, ila Paimin akainua kichwa pale chini alipopiga magoti.

"Mwenyekiti, nishikie hili bomba, linaniinamia."

Mzee wa miaka sabini na tisa amekuomba mkono, utafanya nini? Pak Hardono akakunja mikono ya shati, akapiga magoti kwenye saruji mbichi, akashika.

Chuma kilimalizika Jumapili iliyofuata, mchana, kimenyooka kuanzia juu hadi chini. Ilibaki kufuli ya mnyororo. Pak Hardono alikuja na ufunguo, akasema ingekuwa vizuri wangojee wiki moja tu, aje mgeni wa heshima wa kuzindua.

"Fungua, mwanangu," Mbah Warsiyem akasema, "nisije nikauruka na sketi hii ukakosa pa kuangalia."

Akafungua.

Ratri aliruka kumshika kiwiko, akaambiwa abaki juu. Mbah Warsiyem akashuka peke yake, ngazi kwa ngazi, mkono kwenye chuma. Kwenye ya ishirini na ngapi sijui, goti lilimsaliti. Juu watu walivuta pumzi kwa pamoja. Vidole vyake vilibana, bomba halikutikisika, akasimama. Hakugeuka, maana alijua akigeuka tu watakuja kumbeba. Akaendelea hadi chini.

Soko lilikuwa limeshafungwa, ilikuwa saa nane. Meza tupu, na mtu mmoja anaosha ubao wa samaki. Mbah Warsiyem akahema, akapangusa jasho la shingoni.

"Mbah, hakuna anayeuza saa hizi," Ratri akaita kutoka juu. "Ulitaka kununua nini?"

"Sikutaka kununua kitu," akajibu, akashika chuma, akaanza kupanda.