Ngao Juu ya Jina la Mfalme

Beverlyne alipoipokea ile sarafu kutoka kwa fundi, moyo ulimlipuka. Mama mkwe wake, Kwamboka wa Ekerenyo, alikuwa amemkabidhi ikiwa nyeusi tititi, ukumbusho wa marehemu mumewe, Baba Fred, aliyefanya kazi bandarini Mombasa. Beverlyne, karani wa mawakili mjini Kisii, akaipeleka kwa wachonga mawe wa Tabaka ichongewe kibao cha kuiwekea sebuleni. Sasa shaba ilikuwa imetakata, jina la João wa Tano, mfalme wa Ureno, likisomeka. Ila juu ya jina hilo palikuwa pamegongwa ngao ndogo yenye taji, imezama ndani ya shaba.

"Fundi, umeipiga na nini?"

"Dada, mimi nimeiosha tu na ndimu," Joash akasema. "Hiyo alama nimeikuta chini ya uchafu."

"Uongo! Umeniharibia kitu ya watu!"

Akatoka kwa hasira, kibao akakiacha pale pale.

Chakula kilimkataa mpaka Jumamosi, alipopanda boda boda kwenda Ekerenyo. Kwamboka alikuwa ndio anatoka kuchuma majani chai.

"Mama, nisamehe. Sarafu ya Baba imegongwa huko kwa fundi."

Kwamboka akajifuta mikono kwa leso, akaichukua. Hata hakuitazama, aliipapasa kwa kidole gumba, kisha akacheka.

"Kumbe bado iko!"

"Nini, Mama?"

"Hii ngao. Baba Fred alinionyesha mwaka tuliooana, kabla haijashika weusi. Mtu wa makumbusho alimwambia serikali ya Ureno iliigonga miaka mingi baada ya mfalme huyo kufa, ndio ihesabike mara mbili ya thamani yake ya kwanza. Ningeikosa hii alama, ningesema umeniletea ya mtu mwingine."

Beverlyne akaketi kwenye ngazi ya mlango, akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akatoa simu.

"Fundi Joash, ni Beverlyne. Ulisema kweli. Nimekukosea sana."

"Wacha nipumue, dada. Nilijua utanijia na polisi. Kuja uchukue kibao chako."

Kwamboka alikuwa tayari ameshaleta ugali na mboga chungu. Beverlyne akanawa, akamega tonge kubwa, na kabla hajalimeza akawa anamega lingine.