Mama Mkwe wa Kitabuni

Mama yangu na mume wangu hawajawahi kukaa chumba kimoja, lakini waligombana kwa miaka, na ugomvi wao niliubeba mimi kwenye kapu kutoka Kisumu hadi Usenge na kurudi.

Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja, hawapigi gumzo, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Sikuwa na neno na desturi hiyo. Watu wakali kama hawa wawili, heri wasikaribiane. Taabu ilianza siku mama aliposema amechoka na vitabu vyake.

Mama, Mwalimu Dorca, alifundisha shule ya misheni mpaka akastaafu. Nyumbani kwake Usenge alikuwa na rafu moja ya vitabu, vyote maisha ya watakatifu na hadithi za kusomea watoto darasani. "Hata nikifunga macho najua nani anakufa ukurasa gani," alinilalamikia. "Huku hakuna kitu mpya ya kusoma. Ni dagaa wa omena tu."

Nikarudi nyumbani kwangu Milimani, Kisumu, nikamweleza mume wangu Joram. Joram ni afisa wa serikali, na siku hizo alikuwa hasomi chochote ila hadithi za wapelelezi. Alikuwa amezisoma nyingi mno. Akifungua kurasa chache tu anakutajia muuaji, kisha anakitupa kitabu na kununa jioni nzima. Mwenye duka la vitabu alikuwa amempa kimoja cha aina nyingine ajaribu. Joram alikichukua mezani akakitia kwenye kapu langu. "Mpelekee. Mimi imenishinda."

Ndani yake mlikuwa na mama mkwe. Mchoyo, mwenye ulimi wa pilipili, anayemchukia mume wa binti yake tangu ukurasa wa kwanza.

Sasa fikiria. Mtu asiyeweza kukuambia neno akikutumia kitu, kitu hicho ndicho neno lake. Safari iliyofuata mama alikuwa amekunja uso.

"Bwana yako ananiambia nini na hii kitabu?"

"Hakuambii kitu, Mama. Ni kitabu tu."

"Kitabu tu? Sawa. Ngoja."

Alinipa nirudi na kitabu alichoazima kwa padri, cha mlevi aliyeuza ng'ombe wa mkewe. Joram, ambaye hunywa bia zake kila Jumamosi, alikisoma akiwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka. Kesho yake alikwenda maktaba. Yeye aliyekuwa hasogei nje ya wapelelezi sasa alisoma habari za safari, za vita, za wafalme, hata za ufugaji wa nyuki, akiwinda kikongwe yeyote mwenye roho mbaya. Mama naye alikuwa akienda Bondo kwa miguu kumsumbua mwalimu mkuu wa shule ya huko ampe kitabu chenye mwanamume mvivu, au mwongo, au bora zaidi vyote viwili. Watu hutafuta vitabu vipya wafurahi. Hawa walivitafuta kama mtu anavyotafuta jiwe la kumrushia mbwa. Hakuna aliyelalamika tena kwamba hana cha kusoma. Walinenepa kwa hasira, nikakonda mimi.

Mwaka wa sabini na mbili mama alituma kitabu cha mke anayemtoroka mumewe. "Umwambie hiyo ndiyo ya mwisho," aliniambia. "Na wewe, siku ingine ukikuja hapa, kuja na nguo zako. Bila nguo zako usikuje."

Joram alikitazama kitabu, akaenda kabatini, akatoa kile cha kwanza kabisa, ambacho mama alikuwa amekirudisha zamani. "Mpelekee tena hii. Atajua. Na ukirudi na ingine yake, hii mlango hutaingia."

Nikatoka na kapu langu. Ama nimpoteze mume, ama nimpoteze mama, na hakuna aliyeniuliza ninataka nini.

Basi liliharibika kabla ya Bondo, mvua inanyesha, matairi yamezama kwenye tope. Sikuwa na kitu mkononi ila kitabu hicho. Nilikifungua. Nilikuwa sijawahi kufungua hata kimoja. Nyumba zote mbili ziliniona kapu lenye miguu, nami nilikubali.

Joram ana mazoea ya kutia alama ya penseli chini ya kila ukurasa anaoumaliza. Alama zake ziliishia sura ya pili. Mama hukunja ncha ya ukurasa anapopumzika. Mikunjo yake iliishia katikati, pale kikongwe anapomlaani mkwewe. Baada ya hapo kurasa zilikuwa safi, nyingine bado zimeshikana. Nilizitenganisha kwa ukucha, nikasoma. Mkwe anashikwa kwa kosa asilolitenda. Kijiji kizima kinanyamaza. Anayesimama mahakamani kumtetea, peke yake, kwa ulimi ule ule wa pilipili, ni mama mkwe. Nililia ndani ya basi, na haikuwa kwa huruma. Nilikuwa na hasira nao wote wawili.

Mama hakunisalimu. Alitazama kapu. "Amenitumia hiyo tena."

"Huyu mama anamwokoa mkwewe," nikasema. "Mwishoni. Wewe hukufika."

"Nani amekuambia?"

"Nimesoma."

Alinitazama kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu vyenye tope.

"Wewe?"

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa fimbo, mbele ya darasa zima.

Nilirudi Kisumu kesho yake. Joram alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. "Umeleta nini?"

"Nimeleta kile kile. Uliacha sura ya pili. Mama mkwe anamtetea mkwewe mahakamani."

"Nani amesema?"

"Nimesoma."

Alicheka kidogo, kwa pua. "Wewe?"

Nilimpita. Nilikusanya vitabu vyote vya ugomvi wao, vyake na vile vilivyotoka kwa mama, nikavitia ndani ya sanduku la bati nililoolewa nalo, nikafunga kufuli. Ufunguo nauvaa shingoni.

Joram amerudi kwa wapelelezi wake, anataja wauaji na kununa. Mama amerudi kwa watakatifu. Hakuna anayenitajia tena mlango wala nguo. Wanawake wa samaki wakitoka Usenge huniletea salamu za mama, za upole kabisa: kuna kitabu? Jioni Joram naye huuliza, akijifanya anatazama dirishani. Nawajibu wote wawili jibu moja: wangoje, sijamaliza, mimi nasoma mpaka mwisho.