Nyuki wa Alhamisi

Jumatatu saa nne asubuhi, Wambeti alikuwa kwenye karakana yake Siakago, akipuliza vumbi ndani ya kompyuta ya mshindani wake Gachoki, aliyoinunua ili aichunguze.

Kwa miaka tisa alikuwa ameunda kompyuta za kustahimili joto na vumbi la Mbeere, zenye bati nene na feni kubwa. Mashine za kutoka nje zilipoanza kushuka bei, naye alishusha. Alipunguza bati, akapunguza feni, nazo zikarudi kwake zimekufa. Akaacha kushindana kwa bei. Akarudisha bati nene, akachoma kwenye kila mashine alama ambayo babu yake aliichoma kwenye mizinga yake ya nyuki, na kuahidi kuitengeneza bure maisha yake yote. Wateja walirudi. Nyuki pia walikuja. Kila mashine ilipata kundi lake, likakaa nyuma ya feni bila kumsumbua mtu.

Sasa Gachoki wa Embu mjini alikuwa akichoma alama hiyohiyo kwenye mashine hafifu na kuziuza nusu bei. Wambeti hakutaka kumsingizia. Alifungua skrubu zote, akaona bati jembamba, akafunga. Ndipo akapiga simu.

"Gachoki, hiyo alama ni ya babu yangu."

"Mama, bati ni bati. Mteja anauliza bei, haulizi babu."

"Mzinga wenye alama ya mwenyewe hauguswi."

"Kwa hivyo utaniletea nyuki?"

"Ndiyo. Alhamisi."

Alhamisi makundi yote yalitoka kwa wateja, yakatua karakanani kupokea maagizo. Wambeti aliwaambia nyuki waanze na mdomo wa Gachoki, kwa ajili ya lile neno kuhusu babu, kisha vidole vilivyoshika chuma cha moto cha kuchomea alama, kimoja kimoja. Wakafuata barabara ya lami hadi Embu. Alipoambiwa kwamba Gachoki hawezi kufumba mdomo wala kushika kijiko, alijimiminia uji kikombe cha pili.

Nyuki walipomaliza waliingia kwenye mashine za Gachoki. Zilikuwa nyingi, na nafasi ilikuwepo. Hawakurudi.

Jumamosi Gachoki, uso umefura, alitundika ubao: kompyuta pamoja na asali, bei ileile. Foleni ilifika stendi. Mwaniki, karani wa chama cha wakulima na mteja wa kwanza wa Wambeti, alimpigia simu akiwa kwenye foleni hiyo.

"Mama, zako hazina nyuki siku hizi. Si upunguze kidogo?"