Maneno Arobaini na Moja ya Kusimamisha Treni

Kisii na Nyamira hakuna reli hata hatua moja, na mimi sijawahi kupanda treni. Hayo hayakunizuia kuomba kazi ya kuandika maagizo ya madereva wa treni. Nina diploma ya uandishi na tafsiri. Nilidhani inatosha.

Nilikuwa nikiandika wasifu wa marehemu katika duka la uchapishaji pale Nyakoe. Mtu aliyechuma chai maisha yake yote huku akigombana na jirani kuhusu mpaka, nikimshika mimi anageuka nguzo, mwanga na kisima cha hekima. Watu walikuwa wakitoka hata Nyamache kuniletea wafu wao. Sifa hiyo ilinivimbisha kichwa.

Kampuni iliyonijaribu ilikuwa ikibadilisha ishara za reli ya zamani. Kompyuta ndiyo ingemwambia dereva asimame au aende. Injini zenyewe hazikubadilishwa. Zilikuwa zile zile kuukuu, zimefungwa skrini mpya kama mzee aliyenunuliwa miwani. Na kwa kuwa skrini huzima, yalihitajika maagizo ya kusomwa kwa redio. Niandike moja, lijaribiwe kwa simu na dereva halisi Ijumaa saa tisa. Likifaulu, kitabu chote cha maagizo sitini ni changu. Lisipofaulu, wangetafuta mwingine. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshamuaga Omosa, mwenye duka, kwa hotuba ndefu, naye alishampa Bonareri kiti changu.

Ijumaa hiyo nilikwenda Nyansiongo kwa baba mdogo Mogire, aliyefanya kazi ya ishara relini miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu na kufuga ng'ombe. Nilimkuta akikata majani ya mifugo.

"Baba mdogo, nikusomee agizo langu?"

"Soma, mama."

Nikasimama wima na kusoma: "Ewe dereva mwadilifu, pindi utakapoikaribia taa ya ishara iliyokoza wekundu, tafadhali punguza mwendo kwa hekima na utulivu, kisha uisimamishe treni yako bila kuipita taa hiyo, hadi utakapofahamishwa rasmi na msimamizi wa njia kwamba njia iliyo mbele yako i wazi na salama."

Panga lilinyamaza.

"Amekufa nani?"

"Hakuna aliyekufa! Ni agizo la taa nyekundu."

"Basi atakufa. Kwetu, dereva akipewa agizo analirudia neno kwa neno. Akikosa moja, unaanza upya, na gurudumu halisogei. Mimi nimekwama kwa huyo mwadilifu."

Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba mambo ya zamani yamebadilika.

"Wewe ndiye msomi," akasema, akarudi kwa majani yake.

Simu ikalia. Alikuwa Sharon, ofisa wa mafunzo wa ile kampuni, akiwa karakanani. Aliiunganisha simu yangu na redio ya dereva, nami nikaweka sauti juu. Injini ilikuwa ikinguruma kama posho mill, mashine ya kusaga unga, siku ya soko.

"Msimamizi wa njia leo ni wewe," Sharon akasema. "Treni inatembea polepole, taa nyekundu iko mbele. Soma, dereva arudie."

Nikasoma maneno yote arobaini na moja, kwa mapumziko na madaha.

"Msimamizi," dereva akajibu, "nimepata 'ewe'. Rudia."

Nikarudia.

"Nimepata 'ewe' na 'hekima'. Nimefunga breki mwenyewe, maana taa naiona. Madam, ukiwa na mkutano wa maombi, tuambie mapema."

Karakana nzima ilicheka. Baba mdogo hakucheka. Aliyatazama majani kwa bidii nyingi mno.

"Tutajaribu mara moja tu tena," Sharon akasema. "Una dakika tano."

Nilichukua kalamu. Mwadilifu akaondoka. Hekima na utulivu vikafuatana. Nilifuta kwa hasira, na hasira ikaninogea, nikafuta hadi nikabaki na maneno manne. Nikajisikia shujaa.

"Taa nyekundu. Simamisha treni," nikasoma.

"Taa nyekundu. Simamisha treni," dereva akarudia, neno kwa neno. Breki zikalia. Nikamkonyezea baba mdogo.

Treni ikabaki pale pale. Dakika moja, mbili.

"Dereva, taa imeshakuwa kijani," Sharon akasema. "Mbona huendi?"

"Agizo linasema nisimame. Halisemi hadi lini. Nangoja neno, na injini hii ikizima leo, kuiwasha ni kesho."

Lile "hadi" nililifuta pamoja na mapambo. Ndani ya maneno arobaini na moja, hilo lilikuwa mojawapo ya machache yenye kazi, na mimi mwenye diploma sikulitambua. Nilimgeukia baba mdogo. Alikuwa amesimama sasa, mikono nyuma, kama mtu aliye kazini.

"Anakungoja wewe," akasema. "Mwambie aende, na mwambie aishie wapi."

"Sharon, mbele yake kuna nini?"

"Nguzo ya nane, halafu ukuta."

Sikuandika. Sikuwa na muda wa kujipendeza.

"Dereva, endelea hadi nguzo ya nane. Simama hapo hadi nikwambie."

"Naendelea hadi nguzo ya nane. Nasimama hapo hadi uniambie."

"Sawa. Nenda."

Injini ile kuukuu ilikohoa, ikavuta pumzi, na kupitia simu yangu ndogo nikasikia chuma kikianza kutambaa juu ya chuma, mbali sana na Nyansiongo, kwa sababu mimi nimesema. Hakuna marehemu wangu hata mmoja aliyewahi kusogea.

"Hilo la mwisho," Sharon akasema, "liandike ulitume kabla sijafunga ofisi. Kisha tuanze yale mengine hamsini na tisa."

Nikaitafuta kalamu haraka, nikagundua sikumbuki nilichosema.

"Baba mdogo," nikanong'ona, "nirudie."

Akanirudia, neno kwa neno.