Nyota Mbele ya Neno

Mavyaa wangu Neža alikuwa na ulimi wa upanga, lakini tangu tumzike mwanawe Gašper, mume wangu, upanga ulikaa alani. Kimya kile kilinitesa kuliko masimango. Nilitaka kujua jambo moja tu: nyumba ile ya bondeni ilikuwa bado kwangu? Sikuthubutu kuuliza. Nikafunga sanduku, nikaliweka mlangoni kungoja basi la saa nne.

Kislovenia chetu kina "sisi" ya watu wawili tu, mbali na ile ya wengi. Neža alikuwa ameiacha. Ikawa ni "nimekula" na "umekula," ingawa chungu ni kimoja.

Asubuhi hiyo ukungu ulifika hadi dirishani, nyumba ikawa kana kwamba inaelea. Nilikuwa nakusanya kadi zangu mezani. Kazi yangu ni kutafuta maneno ya Waslavi wa kale. Neža akaweka bakuli la uji, akaokota kadi moja yenye alama ya nyota mbele ya neno: *svekry.

"Nani tena huyu kazaliwa?" akauliza.

Nilidhani ananidhihaki, kisha nikaelewa. Makaburini kwetu nyota hutangulia siku ya kuzaliwa, na msalaba siku ya kufa. Nikamweleza kuwa nyota yangu ni ya neno ambalo hakuna aliyeliona limeandikwa. Tumelikisia kwa kuwatazama wajukuu wake, yaani maneno ya lugha za leo yaliyotokana nalo. Maana yake ni mavyaa. Wengi husema sehemu yake ya mwanzo ina maana ya "-enyewe," yaani mtu wako mwenyewe. Na mwisho wake hubadilika sawasawa na neno la damu.

"Mavyaa na damu," akasema. "Kumbe wazee walikuwa na akili kuliko nyie wa vitabu."

Akaishika kadi kwa muda mrefu, mpaka nikahisi ukungu umeingia ndani na kutufunika. Halafu akauliza kama neno la mkaza mwana nalo lina nyota. Nikamwambia linayo. Nikaitafuta kadi yake, nikaiweka mezani. Akazisogeza mbili zile hadi zikagusana.

"Basi tulizaliwa siku moja," akasema.

Haikuwa "sisi" ya wengi. Ilikuwa ile ya wawili. Nililia bila haya. Barabarani basi likapiga honi, likaondoka.

"Kula, mwanangu," akasema Neža. "Uji wetu unapoa."

Hiyo "wetu" nayo ilikuwa ya wawili.